Ufunguo wa Jikoni kwa Agnès

Agnès alivaa ufunguo wa jikoni shingoni, kama wenzake wanavyovaa rozari. Binti yake Mignonne, mwenye miaka tisa, alizaliwa na ugonjwa adimu sana: tumbo lake halikujua kushiba. Daktari wa Lubumbashi hakumficha kitu. Mtoto apimiwe kila sahani, la sivyo unene utammaliza, au siku moja atakula mpaka tumbo lipasuke.

Hayo Agnès hakumwambia mtu mtaani kwao Kapata. Aliogopa midomo ya watu, wasije wakasema mtoto karogwa. Basi majirani wakajionea wenyewe: kufuli mlangoni, mtoto analilia chakula, mama ana roho mbaya. Walimsema mpaka wakachoka.

Mwaka mzima alipambana. Bukari, ule ugali wao, donge moja, sombe ya majani ya muhogo kwa kijiko, kila asubuhi matembezi hadi relini na kurudi. Siku mizani ya kituo cha afya ilipoonyesha kilo nne zimepungua, Mignonne aliomba zawadi ya karanga. Alipewa kumi. Alizila moja moja, macho kafumba, na Agnès akageuka ukutani alie.

Kisha mzee Ngoy, jirani wa nyumba ya tatu, akafariki. Kapata, penye matanga mtoto hafukuzwi kwenye sufuria. Agnès alikwenda kuchota maji; kurudi adhuhuri, Mignonne hayupo.

Alimkuta matangani, miguuni pa jirani yao Mama Kanku, aliyekuwa akimpakulia tangu saa nne asubuhi.

"Ulikuwa unamunyima juu ya nini, mama?" Mama Kanku alimuuliza, bila ubaya wowote. "Mutoto iko na njala. Leo amekula, angalia vile anacheka."

Na kweli alikuwa anacheka. Agnès alifungua mdomo aseme, akaona macho ya wanawake waliokuwa wakipika, akaufunga. Aibu ilimshinda hata pale.

Jioni tumbo la mtoto lilikuwa gumu kama ngoma. Hospitali walijitahidi. Kesho yake mchana Mignonne akakata roho.

Wanawake walikuja kwa Agnès na unga na masufuria, Mama Kanku mbele, macho mekundu kwa kilio. Hakujua lolote kuhusu ule ugonjwa.

"Funguo ya jikoni iko wapi, mama? Batu banafika, tubapikie."

 Agnès akaivua kamba ya ufunguo shingoni, akampa. Mlango wa jikoni ulikaa wazi siku tatu.