Goli la Mtu wa Yanga

Mwanaisha wa Mnyuzi alikuwa shabiki wa Simba tangu usichana wake, na mumewe Kibwana ni Yanga wa damu. Mashindano ya CHAN ya timu za taifa za Afrika yalipoletwa Dar es Salaam, walikwenda pamoja Uwanja wa Mkapa kuishangilia Taifa Stars. Dakika za mwisho akafunga mshambuliaji wa Yanga, yuleyule aliyewahi kuwaliza Simba. Mwanaisha akajikuta amesimama, anapiga vigelegele. Kisha akaketi, ameduwaa.

"Umemshangilia mtu wetu," Kibwana akasema taratibu.

"Nimeishangilia nchi."

"Na siku akiifunga tena Simba?"

Mwanaisha akageuza macho uwanjani. Waliporudi Mnyuzi, shoga yake Hamisa alimuuliza nani alifunga. Mwanaisha akasema, "Sisi," halafu akashindwa kueleza ni sisi gani.