Kiraka cha Tawnya

Katika mji mzima wa Manti, jimboni Utah, hakukuwa na mtu aliyekiheshimu kifungo kama Tawnya Brimhall. Watu wengine wakipewa kifungo hufunga shati. Tawnya alikilaza juu ya karatasi nyeupe, kwenye dirisha la kaskazini ambako jua halipigi moja kwa moja, akazuia pumzi, akakipiga picha. Kisha aliketi mbele ya kompyuta na kukikata kwa kipanya, pembeni pembeni, mpaka kikabaki chenyewe kikielea kama malaika. Mwisho alikitilia kivuli. Kivuli ndicho kilikuwa dini yake ya pili, na wiki nyingine ilikuwa vigumu kujua ya kwanza ni ipi.

Vitu hivi, vifungo, pini, tepe, funguo, aliviita vipambo. Alivipanga kwenye kurasa za albamu zake za kompyuta, kando ya picha za familia, navyo vilifanana na vya kweli kiasi kwamba wanawake wenzake wa mtandaoni walimwandikia kutoka Ohio na Idaho kuungama kwamba wamejaribu kuvibandua kwenye kioo kwa kucha. Ungamo kama hilo Tawnya alilisoma kwa sauti mezani. Mumewe, Garn, alisikiliza kwa adabu huku akila mayai yasiyo na chumvi, kwa kuwa kichupa cha chumvi kilikuwa dirishani kikisubiri mawingu.

Wenzake wa mtandaoni walichakaza karatasi kwa kahawa ili zionekane za kale. Kahawa haikuingia nyumbani kwa Tawnya, wala nyumbani kwa dada yeyote wa kanisani kwao, maana kanisa liliikataza, kwa hiyo yeye alichakaza kwa kakao. Karatasi zake zilikuwa za kale na zilinukia sikukuu.

Mwaka huo kulikuwa na jambo zito. Mama mkwe wake, Mama Arvilla, alikuwa ametangaza kwamba siku ya mkutano wa ukoo angemtaja atakayerithi mfarishi, blanketi la viraka, wa bibi yake, Thirza, aliyevuka nyika kwa miguu akiukokota mfarishi huo mkokotenini. Tawnya aliutaka. Tumtendee haki: aliutaka kwa moyo. Alikulia katika nyumba ambayo kila kitu kilinunuliwa kipya na kutupwa kikiwa nusu kipya, na hakuwa na kitu hata kimoja cha mtu aliyekufa.

Aliyesimama njiani ni wifi yake, Janeal, binti mkubwa wa Mama Arvilla. Janeal naye alitengeneza kurasa, kama mtu anayepiga gitaa bila nyuzi anavyotengeneza muziki. Siku moja alileta ukurasa wake jikoni kwa Tawnya.

"Wifi," Tawnya alisema baada ya kuukagua kama daktari, "hii alizeti mbona imepigwa pasi?"

"Ya kupendeza tu, wifi. Watoto wanaipenda."

"Watoto wanapenda hata kula gundi. Kivuli chake kiko wapi? Kitu kisicho na kivuli ni mzimu."

"Basi ni mzimu wenye furaha," alisema Janeal, akachukua biskuti.

"Usile hiyo! Sijaipiga picha!"

Tawnya alimwomba Mama Arvilla ampe mfarishi kwa usiku mmoja, aupige picha kwa ajili ya ukurasa wa heshima wa Bibi Thirza. Akapewa, na asubuhi yake akaurudisha bila hata unywele juu yake. Kazi ikaanza. Alitaka kipambo ambacho hakuna mwanamke wa Utah aliyewahi kukithubutu: kipande cha mfarishi kilichochanika. Ukingo wa kuchanika hauchoreki. Lazima kitu kichanike kweli. Basi alichukua foronya kuukuu, akaichana kwa meno na mikono kama mjane wa kwenye Biblia, akaupiga picha ukingo, akaukata uzi kwa uzi kwenye kompyuta, kisha akamimina ndani yake maua mekundu ya picha ya mfarishi. Akaning'iniza nyuzi tatu chini. Akakishikiza kwa pini iliyolazwa kwenye siki mpaka ikashika kutu. Akatia kivuli, akatia kivuli cha kivuli, akaegemea kiti na kukaribia kulia.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, chini ya goli la mpira wa kikapu. Meza zilijaa viazi vya jibini na jeli ya kijani yenye karoti ndani, nao ukoo wa Brimhall ukajaa viazi na jeli. Ndipo Garn akawasha projekta, na ukurasa ukajitokeza ukutani, mkubwa kuliko mlango: Bibi Thirza kauma midomo, na kando yake kile kiraka.

Mama Arvilla alisimama. Alikuwa mwanamke mzee wa kujikaza. Kanisani alikuwa akikemea hata chafya.

"Tawnya, mwanangu," alisema, "umeuchana."

"Nini, Mama?"

"Mfarishi wa bibi. Nilikupa usiku mmoja, umeuchana."

Hapo palihitajika maneno machache tu: hapana Mama, ni kompyuta. Kasuku angeyasema. Lakini Tawnya alihisi joto tamu likimpanda kutoka vidoleni. Ohio na Idaho hawakuwahi kumpa kitu kama hiki.

"Unaona kama kimechanika kweli, Mama?"

"Nyuzi si zile zinaning'inia!"

"Nyuzi unaziona? Toka hapo ulipo?"

"Tawnya," Garn alinong'ona, "sema kitu, mke wangu."

"Ngoja kwanza."

Mama Arvilla aliketi vibaya, nusu nje ya kiti, akaanza kulia bila sauti, mkono umefunika mdomo. Watoto waliacha kukimbia. Mjomba Delmar akasema tangu lini picha ikadanganya, kama kuna picha ya kiraka basi kiraka kipo, na kama kiraka kipo basi mfarishi una tundu. Ukoo mzima ukaafiki. Janeal akainuka. Alichukua funguo za gari, akaenda nyumbani kwa mama yake, mtaa wa pili tu, kulifungua sanduku la mfarishi.

Muda wote huo Tawnya alisimama kando ya ukuta kama bibi arusi.

Janeal alirudi anahema. Walisogeza jeli, wakautandaza mfarishi mezani, wakaukagua pembe kwa pembe. Ulikuwa mzima. Ukoo ukashusha pumzi kwa pamoja, na Mama Arvilla akalaza shavu lake juu ya viraka. Angekuwa mtu mwingine, angenyamaza hapo, na huenda mambo yangekuwa tofauti.

"Mnaona?" Tawnya alipaza sauti. "Hata Mama mwenyewe kadanganyika!"

Alingoja makofi. Mjomba Delmar alipiga moja, akatazamwa, akauficha mkono.

Mama Arvilla aliinua uso taratibu. "Ulijua ni mzima?"

"Si mimi mwenyewe niliurudisha, Mama? Ule ukingo ni foronya yangu tu! Unaona, kivuli nimekitenga kwenye tabaka lake, kisha—"

"Ulijua, ukaniacha nilie."

"Nilitaka kusikia kidogo..."

"Kusikia nini?"

Jibu Tawnya alikuwa nalo, lakini halikuwa la kusemwa ndani ya kanisa.

"Janeal," alisema Mama Arvilla, "ukunje. Ni wako."

"Mama! Janeal hajui hata upande wa kutilia kivuli!"

"Hatauhitaji. Atalala chini yake."

"Na mimi je, Mama?" Sauti ilimkatika kweli, na hata Garn aliyekuwa na hasira alitazama chini.

"Wewe unao," alisema mama mkwe, akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Ukoo wote umeshindwa kuona tofauti. Ukautunze."

Tawnya alifuta macho kwa kitambaa cha karatasi. Mezani Janeal alikuwa akikunja mfarishi, tena vibaya, ukingo juu ya ukingo, chini ya taa za ukumbi zilizomwaga mwanga mweupe kutoka kila upande. Tawnya aliutazama kwa mara ya mwisho. Maua yalikuwa yamefifia. Nyuzi hazikujitokeza. Chini ya mikunjo hapakuwa na kivuli cha maana. Akasononeka sana, maana kwa jinsi ulivyokaa pale, hakuna mtu mtandaoni ambaye angeamini kwamba ni wa kweli.