Picha Isiyo na Wingu

Jamani, hiki ninachowaambia hamtaamini, maana hata mimi nikiiangalia hii simu siamini: mwaka 1969 Tukuyu ilipigwa picha kutoka angani na hakukuwa na wingu. Hata moja! Tukuyu hii hii!

Ngoja nianze vizuri. Babu yangu Hasheem, fundi saa hapa Makandana, alikuwa anakusanya picha za zamani za setilaiti. Enzi hizo setilaiti za Wamarekani zilipiga kwa filamu, halafu filamu inadondoshwa kwa parachuti, ndege inaidaka hewani. Kweli kabisa! Ya kwanza alipewa na mpima ardhi aliyemtengenezea saa. Zikafika sitini na moja kwenye sanduku la bati, na zote za Rungwe ni nyeupe tupu, mawingu.

"Mume wetu anakusanya mawingu," bibi yangu Bimdogo alikuwa akiniambia, "utadhani hapa yamepungua."

"Mke mdogo, usimsikilize huyo mkubwa," babu anamjibu akinitazama mimi mjukuu wake. "Tafuta nyingine."

Utani tu huo. Alichokuwa anatafuta ni kaburi la mama yake. Alifariki 1966 kule Lupepo, hapa hapa Rungwe, babu ana miaka tisa. Walimzika upande wa kibla wa nyumba, hatua arobaini, bila kujengea, bila jina. Baba yake akamchukua wakahamia Tanga. Anarudi mtu mzima, nyumba hakuna, bonde zima migomba. Ila nyumba yao ndiyo pekee iliyokuwa na bati, kwa hiyo kwenye picha ingeng'aa. Na macho yake yalikuwa yanaondoka. Daktari kasema Ramadhani haitamkuta akiona.

Mwezi wa nane nikaipata hii ya 1969 mtandaoni. Nilipiga kelele mpaka bibi akadhani nyoka! Nikakata zile pembeni zenye namba-namba, zinaharibu picha, nikaipachika juu ya ramani ya simu. Mikunjo ya kijito ilikataa kidogo. Nikasema ah, miaka yote hiyo, kijito kimehama. Kidoti cheupe kilikuwa mashariki mwa kijito. Nikaenda steshenari wakaichapa kubwa.

Babu akaweka ile lenzi yake ya saa jichoni. Akakifuata kijito kwa kidole.

"Mbona nakumbuka jua lilikuwa linachomoza ng'ambo ya kijito, linatuingilia mlangoni?"

"Babu, ulikuwa mtoto. Setilaiti haisahau."

Nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu.

Pale penye kidoti palikuwa shamba la mama Tulia. Alipoelezwa, hakuuliza mara mbili, akachukua panga akakata migomba yake mwenyewe. "Mama ni mama, mzee," alisema. Babu akahesabu hatua arobaini kuelekea kibla, akapiga magoti, akasoma Yasin. Halafu akasema, "Mama, nimechelewa." Akalia kama yule wa miaka tisa. Tunaondoka bado anamshika mama Tulia mikono, anamshukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo, mwanangu, ndaga fijo."

Tangu hapo kila Ijumaa baada ya swala nampeleka. Sasa haoni kabisa. Anapapasa mawe aliyoyapanga, moja moja. Picha kaacha kukusanya, sanduku kanipa mimi. Na kamwomba mama Tulia akifa azikwe pale, ubavuni mwa mama yake. Mama Tulia kakubali.

Wiki iliyopita nikataka kuiposti. Nikafungua ile yenyewe, kabla sijaikata. Nikaangalia zile namba za pembeni.

Zimeandikwa kinyume. Kama lile neno la mbele ya gari la wagonjwa.

Filamu iliwekwa upande wa nyuma ilipoingizwa kwenye kompyuta, kushoto kukawa kulia. Nikaigeuza, na kijito kikalala juu ya ramani kunjo kwa kunjo. Kidoti kikahamia magharibi, ng'ambo, kule ambako jua la asubuhi linaingia mlangoni.

Nikaenda peke yangu. Nikahesabu arobaini. Pale wanafyatua matofali. Udongo umechimbwa, shimo linanifika kifuani, na matofali yameshauzwa, yameshajengewa nyumba za watu, sijui zipi.

Jana Ijumaa babu kaweka viganja juu ya mawe yake. "Mke mdogo, mama ananisikia, eh?"

"Anakusikia, babu."

Picha iko kwenye simu, simu ilikuwa mkononi. Wewe ungemwambia?