Usingizi wa Madereva

Asubuhi ile malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka nje ya geti, injini zinanguruma, na mlinzi alikuwa akiita namba za magari kwa sauti ya mtu ambaye hajapata chai. Dada mmoja mwenye begi la kompyuta mgongoni alipita kando ya foleni, akaingia ofisini, akaonyeshwa meza aliyotengewa. Meza yenyewe ilikuwa kwenye korido, ubavuni mwa mlango uliopigwa kufuli. Juu ya mlango palikuwa na kibao: CHUMBA CHA MAPUMZIKO YA MADEREVA. Karani aliyemwonyesha meza alimwambia asiuegemee ule mlango. Hakusema kwa nini, na mgeni hakuuliza. Kila ofisi ina mlango wake wa namna hiyo.

Kazi iliyomleta ina jina zito, kuchimba michakato, lakini ukiimenya ni rahisi. Mzigo ukipokelewa, ukipimwa, ukipakiwa, kuna mtu hubonyeza kitufe mahali, na kompyuta inaweka alama: mzigo gani, nani, saa ngapi. Alama hizo ni nyayo. Watu wa kampuni huziacha kutwa nzima wala hawana habari nazo. Yeye huzikusanya zote, anailisha programu yake, na programu inamchorea njia ambayo mzigo umepita kweli, si ile ambayo wakubwa wanaamini unapita. Ile wanayoiamini ilitundikwa ofisini kwa mkurugenzi, ndani ya kioo: visanduku vimenyooka, mishale imenyooka, utadhani mizigo ya kampuni ile ilifunzwa adabu tangu utotoni.

Ramani ya kwake ilitoka kama uwanja uliochakurwa na kuku. Kulikuwa na mizigo iliyopimwa uzito ikiwa imeshaondoka. Kulikuwa na vibali vilivyotolewa na afisa aliye likizo, tena likizo ya uzazi. Makarani walikuja kuchungulia, kila mmoja akacheka kosa la mwenzake, wakambatiza Dada Ramani. Naye akacheka nao. Kazi aliipenda, na alikuwa fundi wake hasa.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa, alikuwa dereva wa kampuni hiyo hiyo. Alikufa kwenye kona, na lori zima la saruji, jua limeshachomoza na barabara kavu. Msibani alikuja afisa wa kampuni, akasoma mbele ya watu kwamba marehemu alipumzika vya kutosha kabla ya safari, kompyuta inaonyesha, na kwamba chanzo cha ajali ni uzembe. Mke wa marehemu akasimama, akasema huo ni uongo, mume wake alikuwa hapati kulala. Na hapo ndipo Dada Ramani, msomi wa familia, alipofungua mdomo wake. Alimwambia mbele ya waombolezaji wote: "Wifi, kompyuta haina sababu ya kumsingizia mtu."

Tangu siku ile wifi yake humsalimia vizuri, humtengea chai, na wala hamwambii neno lolote la maana. Lile neno uzembe likabaki kwenye jalada la kampuni, likatoka huko likafika mtaani, na mtaani likafika shuleni kwa mtoto wa marehemu, wa darasa la kwanza. Wifi hakutaka kitu kingine duniani ila lile neno lifutwe. Alikuwa ameshakwenda kuomba mpaka walinzi wakamzoea.

Basi siku ofisi yake Dada Ramani ilipopata kazi ya kampuni ile, yeye ndiye aliyejitolea kwenda. Alijiambia ni kazi tu. Alikuwa akijidanganya, na alijua.

Siku programu ilipomaliza kuchora upande wa madereva, alikiona kisanduku cha mapumziko. Kilikuwepo kwenye kila safari, hakuna iliyokiruka. Ila mapumziko yalianza na kuisha kwa pumzi ile ile. Dereva kalala, dereva kaamka, kope hata hazijagusana. Na mapumziko yote, ya madereva wote, yalibonyezwa kutoka meza moja. Akaitafuta safari ya mwisho ya kaka yake. Nayo ilikuwa hivyo hivyo. Aliitazama mpaka skrini ikajizima, akaiwasha, akaitazama tena.

Meza ilikuwa ya mpanga safari, bwana mmoja mnene, mchangamfu, aliyeitwa Twende Twende kwa kuwa ndiyo salamu yake kwa kila dereva. Hakuficha kitu. Alimvutia kiti, akamweleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni wa nyumba jiko linavyowashwa. Mapumziko yasipojazwa, kompyuta haifungui geti. Dereva kaingia sasa hivi, mzigo mwingine unamngoja, mteja anapiga simu, mkurugenzi naye anapiga simu. Sasa yeye afanyeje?

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayewapumzisha," alisema. "Wote, kwa mkono wangu huu."

Dada Ramani akamuuliza usingizi wenyewe basi unakwenda wapi.

"Si uko mle ndani," alisema Twende Twende, akiuonyesha kwa kidevu mlango wenye kufuli. "Ukishaandikwa kwamba umelalwa, lazima ukae mahali. Ila usiingie umeshiba, utaanguka."

Mama wa usafi ndiye aliyemfungulia, amejifunga kitambaa puani. Usingizi ulikuwa umelundikwa mafurushi mpaka usawa wa dirisha, rangi yake vumbi la unga, mwororo, wa vuguvugu, unapumua kidogo kidogo. Vitanda vilikuwa chini huko, magodoro bado yamo kwenye nailoni zake za dukani. Mama wa usafi alilalamika kwamba vitu hivi havifagiliki, ukivisukuma vinarudi, na kwamba paka wa ghala aliingia humo wakati wa mvua na mpaka leo kinachoonekana ni mkia. Kisha akapiga miayo, akasema yeye atasubiri nje.

Dada Ramani alipita katikati ya mafurushi akijifinya mkono asije akalala. Kila furushi lilikuwa na mwenyewe. Moja lilikoroma. Jingine lilikuwa likitaja jina la mwanamke, na pengine si la mkewe. Pembeni, karibu na ukuta, alikuta rundo linalosaga meno, akajua. Utoto wao wote walilala kitanda kimoja, na kazi yake ilikuwa kumpiga kaka yake teke ili aache kusaga meno. Rundo lilimfika kiunoni. Furushi la juu kabisa lilikuwa jipya, halina mkunjo hata mmoja. Huo ulikuwa usingizi wa kabla ya safari ile.

Akaweka mikono juu yake. Kaka yake aliwahi kumpigia simu, siku si nyingi kabla ya ajali, akamwambia, mdogo wangu nimechoka, natamani nilale mpaka nichukie kulala. Naye akamjibu kwamba ashukuru Mungu, wenzake wanaitafuta kazi hiyo kwa udi na uvumba. Kaka mtu akacheka, akasema haya, msalimie mama. Ndiyo maneno yao ya mwisho. Dada Ramani alilia, halafu akajifuta haraka, kwa sababu mle ndani ukiyafumba macho kidogo tu umekwisha.

Mkurugenzi alikuwa mtu mstaarabu, hilo lazima lisemwe. Siku ya kupokea matokeo aliisikiliza ramani yote bila kukatiza, akauliza maswali yenye akili, kisha akaomba aonyeshwe chumba. Wakubwa wote wakashuka ngazi. Mkurugenzi alishika furushi moja akalifikicha kati ya vidole kama anayechagua kitambaa cha suti, akasema ni usingizi mzuri, usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Mhasibu mkuu aliuliza kama unaharibika. Hakuna aliyejua. Meneja wa utumishi alijikalisha ukingoni mwa rundo ajaribu kidogo, wakamwacha alale.

Hapo Dada Ramani akapiga moyo konde. Akawaambia marehemu fulani alikuwa kaka yake wa damu. Akawaonyesha rundo, akawaonyesha furushi la juu, akawaonyesha safari yenyewe kwenye skrini. Akaomba lile neno lifutwe, na geti lisifunguke mpaka dereva awe amelala kweli.

Mkurugenzi alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akampa pole. Ilikuwa pole ya kweli, uso wake ulionyesha ameumia. Akalitazama furushi, akafikiri.

"Dada yangu," alisema, "wewe mwenyewe ndiye umetuonyesha. Usingizi wake ulikuwepo. Tumemtunzia, mlango huu hapa. Hakuja kuuchukua. Sasa hilo tuliite nini, kama si uzembe?"

Mhasibu mkuu akaitikia kwa kichwa. Ama kuhusu geti, mkurugenzi alisema ramani imeweka wazi kwamba mapumziko hayachukui muda wowote, kwa hiyo hayacheleweshi mizigo, kwa hiyo hayana tatizo. Wenye tatizo ni watu wa mizani. Akamshukuru kwa niaba ya uongozi wote, na wote wakampigia makofi, makofi ya polepole, wasije wakamwamsha meneja wa utumishi.

Dada Ramani alikuwa na la kujibu. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini aliyasikia maneno yake mwenyewe ya msibani katika yale aliyoambiwa, ni yale yale, yamepigwa pasi tu, na ulimi ukawa mzito. Akakunja waya zake, akafunga kompyuta. Wewe acha tu. Kuna kunyamaza ambako mtu hajisamehei, na kwake yeye kulikuwa ni huku.

Walimruhusu aondoke na furushi moja, kama ukumbusho. Getini mlinzi akadai hati ya kutoa mali. Akaandikiwa. Mahali pa aina ya mzigo walijaza: mali binafsi ya marehemu. Dereva wa lori lililokuwa mbele, macho mekundu, alishusha kioo akaliangalia furushi, akauliza ni la nani. Alipoambiwa, akatikisa kichwa, akasema jamaa yule alikuwa akiuzungumzia sana huo usingizi, kila mkikaa naye anauzungumzia. Halafu mlinzi akamwambia ameshapumzika, geti liko wazi, naye akaingiza gia akaondoka.

Wifi yake alikuwa uani, anaosha vyombo vya mchana. Aliinuka, akafuta mikono, akalipokea furushi kabla hajaambiwa ni nini. Akaliweka sikioni. Akasikiliza kwa muda mrefu, povu la sabuni linamtiririka viwikoni. Kisha akaliingiza ndani, akalilaza kitandani, upande wa mumewe.

"Wamelifuta?" aliuliza.

"Hawajalifuta."

Dada Ramani akamweleza yote, tangu kisanduku cha mapumziko, na Twende Twende, na chumba, mpaka maneno ya mkurugenzi. Hayo ya mkurugenzi aliyasema akiangalia sakafu.

"Na wewe ukawaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu, wifi."

Wifi hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Alivua kandambili, akapanda kitandani, akaingia ndani ya usingizi wa mumewe, akajifunika nao mpaka shingoni. Dada Ramani akaanza kumwomba msamaha. Alianza na lile la msibani, akaenda mpaka lile la simu ambalo hakuna mtu aliyekuwa akilijua, akasema alimwona kaka yake mlalamishi, akasema angeweza kumsikiliza na hakumsikiliza. Alipogeuka, wifi alikuwa ameshalala. Msamaha wote ulikuwa umeishia ukutani.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda. Wifi alilala usingizi mzito, wa mtu aliyetoka mbali. Alisaga meno. Baadaye meno yakatulia, pumzi ikawa ndefu, na furushi likaanza kusinyaa. Lilipokuwa limebaki jembamba kama shuka, mikono ya wifi iliinuka juu ya kifua, ikashika usukani usioonekana. Ikauzungusha upande mmoja kama inayokata kona, taratibu, bila haraka yoyote, mguu ukakanyaga mahali panapotakiwa kukanyagwa. Kisha mikono ikaunyoosha usukani, ikatulia juu ya tumbo. Furushi likaisha, pakabaki mkunjo tu wa shuka.

Wifi akafumbua macho. Yalikuwa meupe, na uso wake ulikuwa umerudi kama zamani. Akakaa kitako, akajinyoosha mgongo, akamtazama ndugu wa mumewe bila hasira hata kidogo.

"Wifi," alisema, "angefika."