Vyote Vilivyomo

Kesi ilipoitwa, fundi wa mapazia alikuwa kwenye benchi la ukumbi wa mahakama akimalizia pindo la pazia la mteja. Aliichomeka sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akaingia.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa neno moja tu. Walipoachana, yeye na mumewe waliandikiana makubaliano: nyumba ibaki kwa mume, mke achukue vyote vilivyomo. Nyumba hiyo iliinuka tofali kwa tofali kwa cherehani ya fundi, lakini hati ilikuwa na jina la mume, na mume alimwapia kuwa samani, friji na meza kubwa ya kukatia vitambaa vingemtosha kuanza upya. Akatia saini. Kabla wino haujakauka, bwana yule akavihamishia vyote kwa kaka yake, hata vishikio vya taa. Mke alipofika na mkokoteni alikuta sakafu tupu, imefagiliwa vizuri.

"Mheshimiwa, mteja wangu ameyaheshimu makubaliano," alisema wakili wa mume. "Vilivyomo ni vilivyomo. Kama havimo, havimo."

Hakimu, mama mmoja aliyekuwa na mafua siku hiyo, alisoma hukumu huku akipenga kamasi. Kushona mapazia, alisema, ni msaada wa kawaida wa mke kwa mumewe, si mchango katika ujenzi. Na mtu mzima akitia saini, ametia.

"Nyumba ya mume. Vilivyomo vya mke. Mama, nenda kachukue."

"Vyote, Mheshimiwa?"

"Vyote vilivyomo."

Wakili alicheka chinichini. Kicheko kile kilimuuma fundi kuliko hukumu yenyewe.

Kesho yake alikwenda na yuleyule mwenye mkokoteni. Mume alikuwa uani, anajipepea kwa gazeti.

"Karibu, bibie. Beba chochote utakachokiona."

"Ahsante, baba."

Fundi aliingia, akapapasa nyuma ya mlango wa jikoni mpaka akalipata pindo la ile ndani yenyewe ya nyumba, iliyoshonewa ukutani kama bitana. Akatoa wembe, akaanza kufumua. Alianza na jikoni, kwa sababu pembe za jikoni hugandishwa na moshi, kisha vyumba vitatu, sebule, na mwisho ukumbi. Hakuikunja, aliiviringisha, maana ndani ya nyumba ikishaingia kunyanzi haipigiki pasi.

"Mama, ukumbi unaburutika chini," alilalamika mwenye mkokoteni akifunga mzigo kwa mpira.

"Ugeuze. Upande mzuri ukae kwa ndani."

Walipoondoka, mume alifungua mlango wa mbele akaingia, akajikuta nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya kuanikia nguo. Akaingia kwa mlango wa jikoni, akatokea barazani. Jirani aliyekuwa akimwagilia maua alimsalimia mara zote mbili.

Basi akakata shauri kurudi mahakamani. Wakili alieleza kwa ufasaha kwamba ndani ni sehemu ya nyumba, na nyumba ni ya mteja wake.

"Siku niliyotoa hukumu," aliuliza hakimu, ambaye mafua yalikuwa yamemwachia, "hiyo ndani ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa ndani ya nyumba, Mheshimiwa."

"Yaani ilikuwamo."

Wakili alipekua makabrasha yake kwa muda mrefu. "Ilikuwamo, Mheshimiwa."

"Basi."

Fundi alitoka kifua mbele. Furaha ilimjaa mpaka akampa mkono askari wa mlangoni, ambaye hakumjua.

Ndani ile aliitundika katika chumba kimoja alichopanga, akaikung'uta, ikanyooka vizuri. Mwenye nyumba alitembea mpaka mwisho wa ukumbi, akarudi, akasema kodi yake huhesabu milango ya nje, kwa hiyo haipandi. Kwa mara ya kwanza tangu aachike, fundi alitandaza kitambaa cha pazia refu bila kukikunja hata mara moja. Aliimba mchana kutwa.

Alikwenda kwa karani wa mahakama kuomba ile sentensi ya hukumu ya kwanza, kwamba hakuchangia ujenzi, ifutwe. Karani alimjibu kwa adabu kuwa sentensi ile haikuguswa na hukumu ya pili, na hati ya nyumba nayo haikuguswa. Akaongeza kwamba yule wakili sasa ana kazi nyingi. Makubaliano anayowaandikia waume siku hizi husema "vyote vilivyomo, isipokuwa ndani."

Haikupita wiki, mwanamke mmoja, mwalimu wa chekechea, alibisha hodi kwa fundi akiwa na makubaliano ya aina hiyo, ameshayatia saini. Macho yalikuwa yamemvimba. Fundi alimkalisha sebuleni, akayasoma mpaka mwisho, akayarudia.

"Ndani wameitoa," alisema. "Lakini usingizi hawajautaja, dada. Kesho tutaanzia chumba cha kulala."