Kivuli cha Mwanasesere wa Gunzi

Jumanne asubuhi Lynette alikuwa akimpiga picha sungura wa uzi ambaye sikio lake moja lilikuwa limelegea. Chumba chake cha kupanga pale Lurambi kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo ndilo lililomlisha. Alilitundikia neti nyeupe ili jua liingie kwa adabu. Mezani alitandika karatasi ya manila, akaipindisha kwa nyuma bila kuivunja, ukuta usionekane. Upande wa pili alisimamisha katoni aliyoibandika karatasi ya kung'aa, ile ya kufungia kuku, irudishe mwanga na kufuta kivuli. Wanunuzi wa Nairobi hawapendi vivuli. Wanataka sungura aonekane kama anaelea ndani ya maziwa.

Sellah alipiga hodi akiwa bado na vumbi la bodaboda. Alitoka upande wa miwa, kichwa amenyolewa kwa msiba. Alifungua leso na kutoa mwanasesere wa gunzi la mahindi, nywele za ndevu za mahindi, gauni la kipande cha gunia la sukari.

"Alitengeneza mwenyewe," alisema. "Awinja wangu. Trekta ya miwa ilimgonga mwezi uliopita. Hakuwahi kupigwa picha hata siku moja. Tulimzika hivyo tu. Sasa ikifika siku ya makumbusho yake, ya kumkumbuka marehemu, watu wataangalia nini?"

"Pole sana, mama. Keti."

Sellah hakuketi. Alikuwa na jambo zito kuliko hilo la picha.

"Polisi waliandika alikuwa anavuta miwa kwa trela, ndiyo akaanguka. Mtoto wangu si mwizi. Mimi nilimtuma mafuta ya kupika."

Kule kwao kila mtu aliwahi kuchomoa muwa kwenye trela lililo mwendoni, pamoja na polisi walioandika maneno hayo. Lakini kumwandikia maiti ni jambo lingine, kwa maana maiti hana mdomo.

Lynette alimsimamisha mwanasesere kwa kumwegemeza kwenye kipande cha sabuni. Kivuli kilichoanguka juu ya manila kilikuwa cha msichana wa miaka saba, nywele zimesukwa mabutu mawili, sweta lina mkono mmoja mfupi.

"Hiyo sweta nilifuma mimi," Sellah alisema. "Uzi uliisha. Alikuwa anaivaanga hata kwa jua."

Lynette aliiondoa katoni ya kung'aa, kwa kuwa leo kivuli ndicho kilichotakiwa. Alipochungulia kwenye simu alikiona kimefifia, mwanga wa dirisha ulikuwa mpole mno. Basi akafunga dirisha na kuwasha taa ya mezani, moja tu, bila kitambaa. Taa kavu huchora kivuli chenye kingo kali, na kadiri unavyoishusha ndivyo kivuli kinavyorefuka. Aliishusha kidogo, ikaonekana chupa ya mafuta katika mkono wa kulia na mwanasesere katika wa kushoto. Akaishusha tena, zikaonekana nyasi za kando ya barabara, na miguu ya mtoto ndani ya nyasi. Alipoilaza taa kabisa mezani, kivuli kilifika jioni ile. Trekta liliingia kutoka ukingoni mwa karatasi bila taa hata moja, trela limejazwa miwa hadi likainama kando, na namba yake ilisomeka vizuri.

Lynette alipiga picha hiyo. Iliyofuata hakuipiga. Alizima taa.

"Mikono yote miwili imejaa," Sellah alisema, akaanza kulia, na kilio chenyewe kilikuwa nusu ni furaha. "Angevuta miwa na nini?"

Walichapisha nakala mbili za picha hiyo katika duka lililo karibu na soko, wakazipeleka kituoni. Koplo Kibiwott aliiweka moja mezani, akaitazama kwa makini.

"Ndiye," alisema. "Mimi ndiye nilimwokota. Hata hiyo chupa niliiona, ilikuwa imepasuka."

"Basi andika, afande," Sellah akasema.

"Mama, siku ya mazishi mlichinja ng'ombe?"

"Tulichinja."

"Ilitoka wapi?"

Sellah hakujua. Kwenye matanga ng'ombe huletwa na wanaume akiwa na kamba shingoni, na mama aliyefiwa hamuulizi mtu katoka zizi gani. Huletewa sahani, akaambiwa ajikaze ale, asije akaanguka kaburini.

"Ilitoka kwa Osiako, mwenye trekta," Kibiwott alisema. "Shemeji yako Protus aliipokea mbele ya wazee. Mkikula ng'ombe ya mtu, mmekubali maneno yake. Hii mambo iliishia nyumbani."

"Mimi nilikula kipande moja tu."

"Hata moja." Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, "Mwenye nguvu mpishe, mama."

Kibiwott alibaki na nakala ile moja, aitie kwenye faili. Lynette alitoka kituoni kwa hasira. Sellah hakuwa na hasira. Alikuwa akijaribu kukumbuka ladha ya ile nyama.

Mwezi wa Desemba Osiako aliwagawia wakulima wa miwa kalenda, kama afanyavyo kila mwaka. Safari hii zilikuwa na picha ya mwanasesere wa gunzi amesimama peke yake kwenye weupe, na chini yake maneno: WATOTO, MSIVUTE MIWA. UJUMBE KUTOKA KWA OSIAKO, RAFIKI YA MKULIMA. Lynette aliitambua sabuni yake nyuma ya gauni. Kivuli kilikuwa kimefutwa, na kama fundi ilimbidi akiri kwamba kimefutwa vizuri.

Alikwenda kwenye makumbusho nyumbani kwa kina Sellah akiwa ameitia nakala ya pili katika fremu. Protus alikuwa ameshatundika kalenda sebuleni, juu ya kiti cha wageni. Watu waliomba, wakaimba, wakaletewa obusuma, ugali wa kwao, na ingokho, kuku wa mchuzi. Sellah aliishika sahani yake bila kuigusa.

"Hii kuku imetoka kwa nani?" aliuliza.

"Ni yako mwenyewe, mama," walimjibu waliopika. Ndipo akala.

Giza lilipoanza kuingia, alimsimamisha mwanasesere juu ya stuli, akaiweka koroboi sakafuni, chini kabisa, kama alivyoona kwa Lynette. Awinja akapanda ukutani na sweta lake, akaifunika kalenda. Wageni walisogeza viti wasimkanyage. Shangazi mmoja alisema mtoto amerefuka. Protus alitazama mikono yake mwenyewe.

Nje, trekta likapita na mzigo, bila taa. Vikombe viligongana mezani, ukuta ukatetemeka, moto wa koroboi ukalala upande mmoja. Awinja, chupa yake mkononi, alisogea mpaka pembeni kabisa mwa ukuta na kusimama hapo, akalipisha trekta lipite.