Inzi Mfukoni mwa Mzee Himid

Mume wangu, Mzee Himid, ukimpa njia mbili atashika ile yenye miiba, kisha akwambie ndiyo iliyonyooka. Nilimpenda hivyo hivyo. Lakini mwaka mmoja, kabla ya vita vya Hitla, nusura nimpoteze kwa sababu ya inzi, tena inzi aliyekwisha kufa.

Himid alikuwa imamu wa msikiti wetu mdogo wa Mgogoni. Mfuko wa kanzu yake haukukosa tasbihi aliyopewa na baba yangu siku ya harusi yetu. Baba aliinunua Makka alipokwenda kuhiji. Alituambia kuwa punje zake ni za kaharabu, utomvu wa miti ya nchi za mbali uliokauka mpaka ukawa jiwe. Ile punje kubwa ya juu, inayoziongoza nyengine, ilikuwa na rangi ya asali, ila mafuta ya vidole yalikuwa yameifubaza. Hakuna aliyewahi kuitazama ndani. Nani anayetazama tasbihi ndani?

Aliyeitazama ni Bwana Shamba. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye haya nyingi, ametumwa na serikali aje aone kwa nini mikarafuu yetu inakauka. Alitembea na kioo kidogo cha kukuzia vitu, akipindua majani na kubandua maganda ya miti, na nyuma yake karani wake Mjaka, kijana wa Jadida, akimfasiria. Walipofika kwetu Himid aliwakaribisha barazani, nami nikawatolea kahawa. Mzungu akaiona tasbihi, akaomba kuishika. Aliifuta ile punje kubwa kwa leso yake, akaielekeza kwenye mwanga, akaweka kioo, akaichungulia mpaka kahawa ikapoa.

"Bwana anasema mna inzi humu," Mjaka alifasiri.

"Inzi wa wapi?" Himid akauliza.

"Wa kale. Anasema kanasa utomvu ulipokuwa bado laini, zamani sana, kabla hapajawa na watu."

"Kabla ya Nabii Adamu?"

Mjaka aliuliza, akajibiwa. "Anasema kabla sana. Na inzi wa jinsi hii hayupo tena duniani. Ukoo mzima umekwisha. Wanaonekana ndani ya kaharabu na kwenye mawe, basi. Yeye mwenyewe wadudu ndio kazi yake, na huyu kamjua kwa kuchorwa vitabuni tu."

"Mungu ndiye ajuaye," akasema Himid.

Nami nilipewa kile kioo nichungulie. Nilimwona waziwazi: mabawa mawili, miguu imekunjwa, mpaka vinyweleo vya mgongoni. Nilimwonea huruma. Kufa tutakufa sote, lakini kufa na ukoo wako wote, asibaki hata mmoja wa kusema huyu alikuwa wetu, hilo ni zito, hata kwa inzi. Bwana Shamba aliomba aichukue ile punje awapelekee wataalamu wa kwao. Himid alimwambia atafikiri. Mzungu akasema atapita tena akienda Wesha kupanda meli, wakaagana kwa wema.

Magharibi ile Himid alitoka kwenda msikitini, na hata sijaosha vikombe, karudi. Nilimkuta chumbani. Tasbihi ameiweka juu ya kigoda naye amesimama mbali nayo.

"Bi Kazija, inzi aliyekufa n'nini?"

"N'inzi aliyekufa."

"Ni mzoga. Mzoga ni najisi, na anayesali kachukua najisi, hata ikiwa imezibwa ndani ya chupa, sala yake haisihi, ni kama hakusali. Miye tangu siku n'liyokuoa nasali na mzoga mfukoni."

Nilicheka, nikidhani naye atacheka. Hakucheka.

Kesho yake alikwenda Chake kwa Shehe Mmanga, mwanachuoni ambaye sisi sote tulikuwa tukimpelekea masuala yetu. Shehe alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia waliosali nyuma yake sala zao zimetimia, aondoe wasiwasi. Ama yeye Himid, kama mzoga umo kweli, wanazuoni wana kauli mbili: moja inasema asiyejua hana la kulipa, ya pili inasema alipe. "Shika ile nyepesi, ndugu yangu," Shehe alimwambia. "Dini si mateso."

Maneno mazuri kabisa. Lakini kumpa Himid kauli mbili ni kumpa paka maziwa na maji ukamwambia achague. Alirudi nyumbani akaanza kulipa.

Uimamu aliuacha. Hakusema uongo, maana uongo hauwezi. Alisema ana udhuru, na watu wakadhani ni goti. Shamba akaliacha. Alfajiri inamkuta juu ya msala wake wa kusalia na adhuhuri inamkuta papo hapo, anazirudia sala za umri wake moja moja. Alianzia mwaka tuliooana, akaja nao mbele. Nilimwekea chakula, kikapoa. Uso ukasawijika, magoti nayo yakavimba kweli. Nikimkemea ananijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hasira zaidi.

"Leo nimemaliza mwaka aliozaliwa Ngwali," aliniambia siku moja. Ngwali ni mwanetu mkubwa, wakati ule alikuwa hamali bandarini Wesha.

"Na Ngwali akija akakukuta umekufa juu ya msala, nimwambie babako kauliwa na inzi?"

"Mwambie babako alikuwa na deni, analilipa."

Nikamwambia basi tuivunje hiyo punje, tuone huyo mzoga tumtupe. Akakataa. Bwana Shamba kesha kuiomba, na inzi hana wa pili. Kitu alichokihifadhi Mungu muda wote huo yeye hawezi kukipiga jiwe. Aliifunga tasbihi kwenye kitambaa, akaitia kwenye kishubaka cha ukutani, akawa hapiti upande ule wa chumba.

Kisha akaufikia mwaka wa Time.

Time alikuwa binti yetu. Alikufa kwa homa akiwa na umri wa kuanza kujifunga kanga. Himid mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya jeneza lake, akamsalia, watu wa Mgogoni wote nyuma yake. Mimi nilikuwa nyumbani na wanawake wenzangu, nikaisikia takbiri yake haikutetemeka, na kwa sauti ile niliweza kuishi siku zilizofuata. Sikupata kumwambia hivyo. Mambo mengine mtu hamwambii mumewe.

Siku hiyo ya mwaka wa Time nilimkuta amesujudu, hainuki. Nilingoja. Nikamwita, kimya. Nikamshika bega nikiamini nashika maiti. Akageuza uso, umelowa.

"Mwanangu kenda bila ya sala," alisema.

"Watu wote walisali nyuma yako. Shehe kakwambia zao zimesihi."

"Zao. Si ya babake."

Hapo nilichoka. Nilichoka na inzi, na Bwana Shamba na kioo chake, na kauli mbili. Time ni wangu pia, nilimbeba mimi, na sikuwa tayari kuambiwa na mdudu kwamba mwanangu alizikwa pungufu. Nilikwenda kishubakani nikaitoa ile tasbihi. Nikaikata uzi, nikaichukua ile punje kubwa mpaka uani, kwenye jiwe ninalosagia bizari.

Himid alinifuata akijikokota kwa magoti yake. "Bi Kazija, wafanya nini?"

"Namtoa mgeni wako. Kama yumo, nakuapia sitakuzuia tena. Utalipa mpaka ufe na mie ntakupikia uji. Lakini hatutomlilia mtu tusiyemuona."

Nikapiga. Mara ya kwanza iliruka ikaangukia kwenye majivu. Mara ya pili ikapasuka, palepale alipokuwa inzi, vipande viwili.

Tuliinama pamoja. Katika kila kipande palikuwa na nusu ya umbo lake: bawa huku, bawa kule, na vijifereji vya miguu, kama alama ya kidole inavyobaki kwenye unga uliokandwa. Lakini inzi mwenyewe hakuwamo. Palikuwa na uwazi mtupu.

"Lete sindano," alisema Himid.

Nikamletea. Alikaa chini, akaipitisha ncha ndani ya lile umbo, polepole, mgongoni, kichwani, kwenye bawa. Haikugusa kitu. Kulikuwa na vumbi la kahawia, jembamba, si la kushikika. Nililipuliza kabla hajalitafutia kauli ya tatu.

"Hamna," alisema.

"Hamna."

"Hamna nyama wala gamba. Pana mahali pake tu."

"Na mahali pake si mzoga."

Alikaa na vile vipande viwili kiganjani. Kuku walipita karibu yetu wakidonoadonoa, hakuwafukuza.

"Basi Time kasaliwa," alisema mwisho.

"Kasaliwa. Na babake. N'likusikia."

Ndipo akaliegemeza paji lake begani kwangu, mchana kweupe, uani, mtu ambaye hakuwahi kunishika hata mkono mbele ya jua. Alilia mpaka akamaliza. Kisha akajifuta kwa kofia yake, akauliza kama kuna chochote cha kula. Kulikuwa na muhogo na dagaa wa asubuhi. Alikula vyote, na changu alikula.

Bwana Shamba alipopita, nilimtolea vile vipande nikiwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Hakugombana. Alivitazama kwa kioo chake, akasema maneno, na Mjaka akafasiri kwamba ndivyo wanavyokuwa mara nyingi. Mwili huoza zamani ndani ya utomvu, linalobaki ni umbo.

"Alijua?" nikauliza.

"Anasema alijua."

"Na mbona hakusema?"

Mjaka akamuuliza. "Anasema hakuna aliyemuuliza."

Nilimtazama yule Mzungu na haya zake, nikaona hata kumkasirikia ni kazi bure. Alichukua kipande kimoja, cha pili akaniachia mimi. Mahali pa ile punje kubwa nilitungia marijani kutoka kwenye mkufu wangu, na Ijumaa iliyofuata Himid alisimama tena mbele ya watu wa Mgogoni. Walimpa pole ya goti, naye akaipokea, maana goti kweli lilikuwa likimuuma.

Alikufa mwaka wa tatu wa vita, kwa homa ya siku chache. Ngwali ndiye aliyemsalia. Sasa kila akija ananiambia: mama, godoro hili la sufi limebonyea upande wa baba, acha niligeuze ulale vizuri. Namwambia aliache. Ninajua hamna kitu pale, sihitaji sindano. Ni mahali pake tu, na usiku mimi nalala ukingoni nisipaharibu.